Mtani wa Mjerumani

Siku Klabu ya Msabaha ya Ulumbi ilipofanya sherehe ya kutimiza mwaka wake wa nne, Bimdogo binti Msabaha alikuwa uani, nyuma ya ghala la zamani la mbata walilolifanya ukumbi, anageuza pilau kwa mwiko mrefu kama kasia. Walimwita yeye kwa sababu Bagamoyo nzima hakuna aliyemweza kwa kupika shughuli, na kwa sababu katika klabu ile hapakuwa na mtu aliyefikiria kwamba mpishi ana masikio.

Klabu yenyewe ilikuwa ya walimu, makarani, mpima viwanja mmoja na mtu wa posta, wote tai shingoni katika joto lililowafanya hata mbuzi watafute vivuli vya watu. Kila Jumamosi alasiri walikutana kufundishana kusema. Kusema! Katika mji ambao mtu akinunua ndizi moja anamwaga maneno ya kutosha kuposea mke. Lakini kusema kwao kulikuwa kwa kengele, na kengele aliishika katibu, Hieronimo, bwana wa misheni aliyechana nywele zake njia iliyonyooka kuliko barabara ya Mapinga. Mtu alisimama, akasema "Mabibi na Mabwana" ingawa mabibi hawakuruhusiwa kuingia, akatoa hoja kwamba kalamu ina nguvu kuliko jembe, kengele ikalia, akaketi, wenzake wakampigia makofi. Aliyesema la maana alipigiwa makofi. Aliyesema upuuzi alipigiwa makofi vilevile, pengine zaidi. Kujibiwa, hakuna aliyejibiwa.

Sasa siku hiyo rais wa klabu, Mwalimu Kibwana, alisimama kueleza asili ya jina lao. Mbele kabisa aliketi Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya, kofia yake magotini. Mwalimu alisema kwamba zamani za Mjerumani mjini hapa alikuwako mzee mpole, mwenye hekima, jina lake Msabaha. Afisa mmoja wa Kijerumani alipofariki kwa homa, mzee huyo alifika makaburini bila kualikwa, akatoa rambirambi tamu hata wazungu wakatoa leso zao. Kwa shukrani wakampa kofia ya marehemu. Hapo, alisema Mwalimu, ndipo ulumbi wetu na heshima ya serikali vilipopeana mkono.

Bwana Shauri akakubali kwa kichwa. Makofi.

Uani, mwiko ulisimama ndani ya sufuria.

"Mpole?" Bimdogo alimwuliza Zuleha, mwenzake wa jikoni. "Nani mpole?"

Zuleha akamwambia aangalie wali usishike chini.

Lakini Bimdogo hakuona wali tena. Aliona mgongo wa baba yake. Yeye alikuwa mjukuu wa mpagazi aliyeshuka kutoka Unyamwezi na pembe begani, akaiona bahari, akamwona na mwanamke, akatua mzigo na asiunyanyue tena. Mwana wa mpagazi huyo alikuwa Msabaha, na Msabaha alikuwa mlevi wa tembo la mnazi, mgomvi, na mwongo wa kumwongopea hata aliyekuwepo. Bimdogo aliyajua yote hayo na hakutaka hata moja lipungue. Kazi ya baba yake ilikuwa utani. Watu wa pwani hii, Wakwere na Wazaramo na Wazigua, ni watani wa Wanyamwezi tangu enzi za misafara, na mtani msibani ana haki zake: anaingia bila hodi, anavaa nguo za marehemu, anamwigiza alivyokohoa na alivyoficha chumvi wageni wasiione, analizuia hata jeneza mpaka apozwe kwa chochote mkononi. Wafiwa hawaruhusiwi kukasirika. Wanaruhusiwa kumjibu tu. Mfiwa akicheka katikati ya machozi yake, mtani amemaliza kazi. Na Msabaha alikuwa mtani ambaye wagonjwa walimwogopa kuliko kufa kwenyewe.

Yule afisa alipokufa, Msabaha aliwaza, kwa akili yake iliyolowa tembo, kwamba watu hawa wamekula hapa, wamelala hapa, na sasa wameanza kufia hapa. Mtu asiye na mtani huzikwa kama mbwa. Basi lazima wapate mtani, na mtani wao ni yeye. Akaenda makaburini. Askari wamejipanga bunduki mabegani, kasisi anasoma, Msabaha akanyakua kofia iliyowekwa juu ya jeneza, akaivaa, akalala chali mbele ya kaburi na kuanza kumwigiza marehemu anavyodai kodi ya kichwa huku anapiga chafya. Akamaliza, akafumbua jicho moja kuwatazama wafiwa.

Walimpa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano vya ngozi ya kifaru, palepale. Kofia ilirudishwa kwa mwenyewe, akazikwa nayo. Bimdogo, mtoto bado, ndiye aliyempaka baba yake mafuta ya nazi. Alilala kifudifudi siku nyingi, na katika kulalama kwake hakukitaja kiboko. Alichosema ni kwamba hakuna aliyecheka. Watu wote wale, alisema, hakuna hata mmoja. Aliendelea kusema hivyo alipopona, na alipozeeka, na siku alipokata roho.

Bimdogo aliingia ukumbini na mwiko mkononi, mafuta yanadondoka juu ya sakafu iliyopigwa deki kwa ajili ya wageni. Mwalimu Kibwana alikuwa mtu wa adabu. Alimwamkia shikamoo Bi, akasubiri marahaba asiipate, akamweleza kwa upole kwamba utaratibu haumruhusu asiye mwanachama kutoa hoja, na uanachama bado haujafunguliwa kwa akina mama, ila kama ana neno kuhusu chakula watamsikiliza kwa furaha. Hieronimo akagonga kengele.

"Huyo mliyemtaja mimi simjui," Bimdogo alisema. "Nirudishieni baba yangu. Hamwezi, basi lifuteni jina lake hapo ukutani."

Wakampigia makofi.

Hilo ndilo lililomchoma. Wangemtukana, angejua pa kushika. Bwana Shauri aliinama kuuliza mama huyu anasema nini, na Mwalimu Kibwana akamjibu kwa Kiingereza chake safi kwamba huyu ni binti wa Msabaha mwenyewe na amefurahi mno. Bwana Shauri naye akapiga makofi.

Bimdogo alirudi jikoni. Zuleha aliapa baadaye kwamba hakuna kitu kibaya kilichotiwa katika pilau lile. Ni chumvi tu iliyopewa uhuru kabla ya nchi. Wageni walikunywa maji mpaka mtungi ukalia.

Kesho yake alikwenda kumshitaki Mwalimu kwa mama yake. Mama yake Mwalimu Kibwana aliitwa Bi Ashatu, Mkwere wa Kiwangwa aliyeletwa mjini na ndoa, na yeye na Bimdogo walikuwa watani wa kufa na kuzikana. Wakikutana njiani walitukanana mpaka wapita njia wakaweka vikapu chini. Bi Ashatu alipopata habari ya mzee mpole na leso za wazungu, alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Mwanangu kamfua baba yako," alisema. "Kamfua, kamtia na buluu. Sasa anang'aa kama kanzu ya Idi."

Bimdogo akamtaka amwambie mwanawe aseme kweli. Bi Ashatu akafuta macho kwa ncha ya kanga, na kwa muda akawa hacheki.

"Mimi mtani wako, Mnyamwezi, si mjumbe wako. Ukimtaka baba yako kamchukue mwenyewe."

Akajaribu kumchukua. Alikwenda kwa liwali, liwali akamwambia jina si mbuzi, hakuna sheria ya kulidai lilipopotelea. Alikwenda kwa Hieronimo, Hieronimo akamwambia alete malalamiko yake kwa maandishi, nakala mbili, akijua fika kwamba Bimdogo hajui kuandika hata moja. Mwisho akawa anakwenda Jumamosi kusimama nje ya dirisha la ghala na kusimulia habari za Msabaha kwa sauti aliyozoea kuwapigia wasaidizi wake ng'ambo ya masufuria kumi. Klabu ikafunga madirisha. Wakawa wanalumba humo ndani gizani, wanatoka jasho kama samaki waliobanikwa, na juu ya vichwa vyao Msabaha anamwaga tembo, anagombana na askari, anaongopa. Hawakufungua. Afadhali wafe kwa hewa kuliko kuingiliwa na asili ya jina lao.

Katikati ya masika Bi Ashatu akafariki.

Zuleha ndiye aliyeleta habari, na nyuma ya habari akaleta nyingine. Mwalimu ametoa amri watani wasiingie. Anataka msiba wa heshima. Rambirambi zitasomwa na wanaklabu, kila mmoja na dakika zake, na Bwana Shauri ameahidi kupita. Utani, Mwalimu amesema, ni ushamba wa zamani za kubeba pembe, na mama yake hatazikwa kwa vichekesho. Mlangoni wamewekwa wawili wenye tai.

Bimdogo aliketi kwanza. Kisha akasimama na kutukana, akianzia kwa Mwalimu na kupanda juu kwa mababu zake hata wale waliokuwa bado hawajashuka kutoka vilimani. Baba yake alikatazwa utani na Mjerumani, sawa, Mjerumani ni mgeni, hajui. Huyu amezaliwa wapi? Nani aliyekwambia, alimwuliza Zuleha asiyekuwa na kosa, nani amekwambia Ashatu anataka kwenda kuzimu akisindikizwa na kengele?

Walinzi wawili walikuwa wamesahau kwamba mpishi haingii kwa mlango wa mbele. Bimdogo alipita uani kwa marehemu, katikati ya majiko, akaingia chumbani, akachukua kanga ya marehemu kwenye kamba, akajifunga. Alipotokea sebuleni alikuwa Bi Ashatu mwenyewe: nyonga moja juu moja chini, kikohozi kilekile, mkono ule uliokuwa daima unapapasa kuona kama chumvi aliyoificha ingalipo. Wanawake waliokuwa wakilia walinyamaza. Mmoja akaguna. Mwingine akajifunika uso, mabega yakamcheza. Jeneza lilikuwa tayari, wabebaji wameinama kulinyanyua, na Bimdogo akawapita, akajilaza juu ya kizingiti cha mlango wa mbele, miguu huku, kichwa kule.

Nje, Mwalimu Kibwana alikuwa amefika katikati ya rambirambi yake.

"Mama yetu," alikuwa akisema, "alikuwa mtu mpole."

"Mwingine huyo," alisema Bimdogo kutoka kizingitini. "Wapole wa Bagamoyo wamekwisha wote, tumebaki washenzi."

Kicheko kilipita uwanjani kama upepo katika majani ya mnazi, kikajikamata, maana Bwana Shauri alikuwa amekwisha fika na kusimama kando ya gari lake, kofia mkononi. Mjomba wa Mwalimu, mzee aliyekuja kutoka Kiwangwa kwa ajili ya maziko, akatia mkono mfukoni kama ilivyo desturi, ampoze mtani, njia ifunguke.

"Rudisha, Mkwere," Bimdogo alimwambia. "Leo sitaki kitu chako. Namtaka baba yangu."

Mwalimu Kibwana akakunja karatasi yake. Akamwomba Bi Bimdogo, kwa heshima, tafadhali, akumbuke kwamba hii ni siku ya huzuni.

"Mpwa wangu," mjomba akamkata, "mtani haambiwi tafadhali. Mjibu."

Mwalimu aliwatazama wanaklabu wake, wanaklabu wakatazama viatu. Watu waliojifunza kusema miaka minne mfululizo, na hakuna katika wao aliyekuwa na neno. Wabebaji waliweka jeneza chini.

"Sikiliza, Mwalimu," Bimdogo alisema, na sauti yake haikuwa ya mzaha tena ingawa alikuwa bado amelala. "Mama yako alikuwa mchoyo. Alikuwa akiazima kinu anarudisha mchi. Kila tulipokutana alimtukana baba yangu kwa ulevi wake, kwa uongo wake, kwa mgongo wake uliochanwa. Ndiyo maana nilimpenda. Wewe unamsifu baba yangu, na nikikusikia natamani kukupasua kwa mwiko. Umemvika kofia asiyopewa. Umempa upole ambao hakuwa nao hata usingizini. Sema alichofanya na alichofanyiwa. Sema hapa, mbele ya hizo tai, mama yako atoke. Husemi, basi atakaa humu nami nitakaa naye. Tumezoeana."

Jua la baada ya mvua lilikuwa kali. Mwalimu Kibwana alimtazama Bwana Shauri, akaitazama kofia, akamtazama mwanamke aliyevaa kanga ya mama yake. Watu walimjua kwa adabu, na sasa waliona adabu ikimtoka kama maji kwenye pakacha.

"Unataka kusikia?" alisema. "Baba yako hakuchapwa hamsa ishirini. Alichapwa nusu akazimia kama kuku. Nusu iliyobaki alimaliziwa baba yangu."

"Kwa kosa gani?" mjomba aliuliza, na alivyouliza ilionekana analijua jibu, ila anataka lipite mdomoni kwa mwenyewe.

"La kucheka. Katika watu wote waliosimama pale, alipatikana Mkwere mmoja mjinga aliyecheka, naye ni baba yangu. Alijizuia mpaka baba yako alipozimia, kisha akashindwa. Kwetu lilikuwa halitajwi. Mama alikatazwa asilitoe nje. Nimekulia katika nyumba ya mtu ambaye hakulala chali mpaka anakufa, kwa sababu ya kichekesho cha Mnyamwezi mlevi. Unaniuliza kwa nini nimemfanya baba yako mpole? Laiti angekuwa mpole! Baba yangu angelala kama watu."

Bimdogo alikuwa ameinuka akaketi. Kanga ilimtoka begani asijue.

"Alicheka," alisema.

"Alicheka. Mama alisema alicheka hata wakati wa kuchapwa, akikumbuka ile chafya."

Wa kwanza kushindwa alikuwa mjomba. Alijipiga paja, akainama, akashika magoti. Kisha wanawake ndani, kisha wabebaji, kisha uwanja mzima, watu wanalia na kucheka kwa pumzi ileile, na hata Mwalimu, uso umelowa, akatoa mlio ambao haukujulikana ni wa nini. Bwana Shauri aliuliza kunani. Safari hii hakuna aliyemfasiria.

"Lisemwe hivyohivyo huko ghalani," Bimdogo alisema.

"Litasemwa."

"Nami nikiwepo."

Mwalimu alifuta uso kwa ile karatasi ya rambirambi. Akafikiri. "Njoo na kigoda chako," alisema. "Kiti cha klabu hakikutoshi makalio."

Halikuwa tusi kubwa, mama yake angeona haya kwa udogo wake, lakini lilikuwa jibu. Bimdogo akanyanyuka, akakung'uta kanga, akaondoka kizingitini. Bi Ashatu akatoka.

Mwalimu alilisema kweli, Jumamosi iliyofuata, mwanzo hadi mwisho, na Bimdogo akiwa ameketi mlangoni akimsahihisha. Haikupita muda serikali ikagundua kwamba inalihitaji sana lile ghala kwa mbegu za pamba, na kwamba shule ya Saadani, yenye samaki wengi kuliko wanafunzi, haiwezi kuishi bila Mwalimu Kibwana. Tai nusu zikaihama klabu pamoja na Hieronimo na kengele yake, wakaanzisha nyingine yenye jina la mfalme, lisilo na mgongo wa kuulizwa. Waliobaki walikutana uani kwa Bimdogo, chini ya jina la Msabaha, na aliyesema upuuzi aliambiwa papo hapo.

Ila hayo ni ya baadaye. Siku ile wanaume walikwenda na jeneza, sauti zao zikapungua kuelekea makaburini, na wanawake wakarudi kwenye kazi. Bimdogo aliingia chumbani mwa marehemu. Kitanda cha kamba kilikuwa kimevuliwa kila kitu. Akasimama mbele yake, na hasira aliyodhani ameimaliza uwanjani ikampanda upya, kubwa kuliko ile.

"Ulijua," alikiambia kitanda. "Miaka yote hiyo unaniita binti wa mzimiaji, ulikuwa unajua. Baba yangu alikwenda kaburini anaamini hakuna aliyecheka, na wewe unakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu na kicheko chake umekifungia ndani na mumeo. Ukakatazwa! Wewe, Ashatu? Lini ulikatazwa jambo ukasikia?"

Akaupiga ukingo wa kitanda kwa kiganja, akaupiga tena. Alimtukana Ashatu kwa uchoyo wa chumvi, akamtukana kwa uchoyo wa kinu, akasema hayo yote ni sadaka ukilinganisha na huu. Wanawake waliokuwa mlangoni walisogea nyuma kidogo. Hakuna aliyemnyamazisha.

Zuleha alikuja kumwita: wali unaungua huko uani, wasichana hawajui moto. Bimdogo hakugeuka. Alikuwa bado hajamaliza na Ashatu.